Kamera ya Depo, Wakati wa Sala

Kaka yangu alikuwa kuku mgeni nyumbani kwetu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama alikuja naye mgongoni alipoolewa na baba yangu. Baba mzazi wa kaka alikuwa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, akafa kijana. Baba yangu alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu, mwuza vitenge. Alimtaka mama asilimu kabla ya nikahi, na mama akasilimu. Mtoto alikuwa amekwisha kubatizwa, na baba alisema ndoa ya mama haifuti ubatizo wa mtoto. Tukakua hivyo katika nyumba moja, mimi na msala wangu, yeye na rozari yake, na kila Jumapili mama alimpigia pasi shati la kwendea misa. Nayasema haya mapema ili msidhani baba alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia, nikapumzika.

Nyumba ilikuwa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Mbele duka, katikati depo, nyuma sebule na vyumba vya kulala. Depo ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja dogo la juu, lenye nondo, na ndani yake vitenge vilipangwa hadi karibu na dari. Hiyo ilikuwa miaka ya chama kimoja. Shaba ilitoka ardhini kila siku, treni zilipita zimejaa, na sisi tulipanga foleni ya sukari. Mtu mwenye mali hakuiacha sokoni, aliilaza nyumbani. Kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mchumba tayari, binti wa mwuza samaki wakavu kutoka Pweto, kando ya ziwa, ndiye aliyeshika funguo za depo mchana. Jioni alizirudisha kwa baba.

Kisha vitenge vikaanza kupungua. Hapakuvunjwa mlango. Hapakukatwa nondo. Rundo lililokuwa juu jana leo lilikuwa limeshuka kidogo, na mauzo hayakulingana na upungufu huo. Mwanzoni baba alidhani amekosea hesabu, akacheka, akasema uzee unamjia. Halafu akaacha kucheka. Siku moja tukiwa mezani akatamka, bila kumtazama mtu, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kaka akaweka kijiko chini. Alikuwa amevaa shati ambalo baba mwenyewe alimshonea.

Baada ya hapo baba akasema atamwita mwalimu wa madrasa aje kusoma halubadiri. Asiyeijua aelewe: ni kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana. Watu hukusanyika, husoma, huomba, na mwenye hatia huachiwa Mungu. Wanasema huvimba, au huchanganyikiwa, au hupatwa na ugonjwa usiosikia dawa. Mimi nilisoma kwa masista, nilijua malaria huletwa na mbu. Lakini waliposoma halubadiri kwa jirani aliyeibiwa redio, kwa muda mrefu sikupita upande ule kwenda kuchota maji.

Hata hivyo sikuogopa kisomo kama nilivyoogopa mbu. Lubumbashi nani haugui? Masika yakija, nyumba nzima hulala na homa kwa zamu. Kikisomwa kisomo, yeyote atakayeugua baadaye ndiye mwizi, na hakuna mahakama ya kukata rufaa. Niliona wazi kwamba kaka akipata mafua tu, amekwisha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi: si vitenge, ni jina la kaka yangu. Nilikuwa na hakika hakuiba. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hakika tu, na hakika ya dada haiuziki popote.

Wakati huo nilikuwa napiga mashine ya taipu katika ofisi ya wasafirishaji, na kazi hiyo ilinipeleka mara kwa mara kwenye ofisi za watu wakubwa. Mahali fulani niliona kamera juu ya kaunta, na chini yake televisheni ndogo inayoonyesha watu wanavyoingia. Nikamwendea baba.

“Baba, mbele ya kuita mwalimu, tuweke jicho kwanza,” nilimwambia. “Kama ni muntu ya hapa nyumbani, tutamuona. Kama ni muntu ya inje, tutamuona pia.”

Baba alipenda mashine kuliko alivyokubali. Alikuna ndevu.

“Jicho ile iko inalala?”

“Hailale, baba.”

“Basi ni muzuri kuliko miye,” alisema. “Tukaitafute. Lakini nakuambia, jicho ikishindwa, tutasoma. Mi sitaki kuishi na mwizi chini ya bati yangu.”

Kwa hiyo mkataba ulikuwa huo. Kamera ikimwonyesha mwizi mwingine, kaka amepona. Isipoonyesha kitu, kisomo.

Kamera hazikuuzwa dukani. Fundi mmoja wa redio, mtu mwenye maneno mengi kuliko bisibisi, alitupeleka Karavia kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao na kuuza kila kitu, hadi sahani. Juu ya meza ya chakula kulikuwa na kamera mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya chuma, na lenzi ndefu iliyochomoza. Nyingine ilikuwa ndogo, lenzi yake fupi. Fundi alizichomeka kwa zamu kwenye televisheni ya Mzungu. Ile kubwa ilionyesha uso wa baba hadi vishimo vya ndui, lakini haikuonyesha kingine. Ile ndogo ilionyesha meza yote, mlango, na sisi sote tuliosimama tukishangaa, ingawa nyuso zetu zilikuwa za ukungu kidogo.

Nikasema tuchukue ndogo. Depo ni ndefu, tunataka kuona mlango na marundo yote kwa pamoja. Sura tunazijua, hatuhitaji kuhesabu vishimo.

“Ile kubwa mwizi ataogopa,” alisema baba.

“Baba, tunatafuta mwizi aogope, ao tunatafuta tumuone?”

Alinitazama kwa hasira, halafu akacheka kicheko chake cha zamani. Tukachukua ndogo. Ilikuwa mara ya mwisho kumshinda baba kwa maneno, na nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya gari nikijiona mwerevu kweli.

Pamoja na kamera Mzungu alituuzia televisheni ile na kutupa kebo yake, nyeusi, nene kama kidole, yenye viungio vya chuma kwenye ncha zote mbili. Fundi alitueleza kwamba kebo ya namna ile haikatwi wala haiungwi ovyo ovyo kama waya wa taa. Picha hupita ndani yake, na ukiiunga vibaya utaona mvua tu kwenye kioo. Kurefusha kunataka kiungio maalumu, na kiungio hicho mjini hakipo. Alisema pia kamera isitazame dirisha, maana mwanga ukitoka mbele kila mtu anageuka kivuli. Na kebo ya picha isilazwe pamoja na waya wa umeme. Haya yote aliyajua vizuri. Alichokosea ni kupima.

Aliifunga kamera pembeni, juu ya mlango wa upande wa sebule, mgongo kwa dirisha, ikitazama marundo hadi mlango wa duka. Alitoboa matofali, vumbi jekundu likajaa kwenye vitenge, mama akalalamika. Akawasha balbu, kwa kuwa kamera ile bila mwanga ilikuwa kipofu. Kisha akaanza kuvuta kebo. Tulikuwa tumepanga televisheni ikae chumbani kwa baba na mama. Kebo ikapita ukutani, ikakata kona, ikaishia sebuleni, katikati ya ukuta. Fundi akaivuta kama mtu anayevuta mbuzi. Haikuongezeka.

“Basi ikae hapa,” alisema baba.

Hapa palikuwa ukuta wa kibla. Hapo ndipo tulipoelekeza nyuso kila tuliposali, kwa sababu sebule ndiyo ilikuwa chumba pekee chenye nafasi ya kutandika misala ya watu wote. Sikuliona hilo siku ile, na wala baba hakuliona. Tulikuwa tunatazama kioo. Fundi alipochomeka, tukaona depo yetu ikitokea taratibu, ya kijivu, na marundo yake, na kaka amesimama katikati akitupungia mkono. Mama alipiga kigelegele. Nilicheka hadi machozi. Ni moja ya siku chache za furaha ninazozikumbuka katika habari hii.

Adhuhuri ilipoingia, baba akatandika msala, akasimama, akanyanyua mikono, na mbele ya uso wake, mahali alipotakiwa kumkabili Mungu wake, akamwona kaka yangu akibeba kitenge. Akashusha mikono.

“Hapana,” alisema. “Mi siwezi kusujudia televizio.”

Mama akaleta kitambaa cha meza, akafunika kioo. Tukasali. Ikawa desturi ya nyumba, nami nilirudi kutoka ofisini kila mapumziko ya mchana: adhana ikisikika, kitambaa juu, salamu ikitolewa, kitambaa chini. Mashine ile haikuwa na ukanda wa kuhifadhi picha. Ilionyesha kilichopo wakati kilipo, basi. Kwa hiyo kazi ya kuona ilikuwa ya mama. Alikaa mbele ya kioo tangu duka lifunguliwe hadi lifungwe, akichambua mchele, akisuka, akinywa chai, macho hayatoki. Aliikubali kazi ile kuliko sisi wote. Alikuwa anangoja amwone mtu ambaye si mwanawe.

Nilimwuliza siku moja kama hachoki.

“Nichoke na nini?” alisema. “Namuona mutoto yangu siku muzima. Sijamuonaka hivi tangu alikuwa wa kunyonya.”

Kwa kitambo hakikupotea kitu. Halafu vitenge vikapotea. Baba alirudi kutoka msikitini Ijumaa moja, akaingia depo, akatoka na uso mwingine. Akamwuliza mama kama aliondoka mbele ya kioo. Mama akaapa kwamba hakuondoka hata kwenda chooni, isipokuwa wakati wa sala tu. Baba akarudia maneno yale polepole. Isipokuwa wakati wa sala.

Nilielewa kabla baba hajamaliza kufikiri. Wakati wa sala sisi sote tulikuwa sebuleni katika safu, na kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake. Mtu mmoja tu hakuwa katika safu. Yeye alibaki dukani akiuza, kwa kuwa wateja hawangoji dini ya mtu. Kamera niliyoileta imwoshe kaka yangu ilikuwa imemsafisha kila mtu wa nyumba ile isipokuwa yeye.

Nilipigana, nakiri nilipiga kelele isiyomfaa binti mbele ya baba yake. Nikasema duka linakuwa wazi wakati ule, wachukuzi na wateja wanaingia, kaka ana macho mawili tu, akipima kitenge kwa mama mmoja mgongo wake uko kwenye depo. Nikasema tuhamishe televisheni, niachiwe mimi nikae nayo siku ambazo sisali. Baba akasema kebo haifiki. Nikatafuta kile kiungio mji mzima. Nikawauliza madereva wa ofisini kwetu waliokwenda Zambia. Mmoja aliniletea kiungio cha bomba la maji, akaniapia kwamba ndicho hicho. Nililia barabarani, si kwa huzuni, kwa hasira. Nchi inayouza shaba dunia nzima, na mimi sipati kipande cha shaba cha kuungia waya wangu.

Kaka mwenyewe alitafuta dawa yake. Siku iliyofuata adhana ilipolia, alifunga mlango wa duka, akapita depo, akaja kusimama mlangoni pa sebule, nyuma yetu. Hakuvua viatu, hakutawadha, hakufungua mdomo. Alisimama tu, mikono imelala pembeni, ili tukigeuka kutoa salamu kulia na kushoto tumwone. Mama alitoa salamu yake huku machozi yanamtiririka. Ikawa hivyo kila sala ya mchana. Sijawahi kuona mtu mzima akijishusha namna ile, na sikuweza kumtazama.

Na tangu siku ile, hakikupotea hata kimoja.

Mnaona jambo lilivyokaa. Mimi niliona kwamba duka likifungwa wakati wa sala, mwizi wa njiani hana pa kuingilia. Nilimwambia baba hivyo, mara nyingi, kwa upole na kwa ukali. Baba yeye aliona jambo moja: kijana akiwa nje ya macho yetu, vitenge vinapotea, akiwa ndani ya macho yetu, havipotei. Mwenye macho haambiwi tazama. Alimwita kaka, nasi tukiwapo.

“Sitakupeleka kwa bajandarme bakufunge,” alisema. “Mutoto ya mwenzangu, nilikulea, mi sitaki bantu baseme nilikutesa. Useme tu. Useme, mbele ya mama yako, na nitasamehe.”

“Sina ya kusema, baba.”

“Sema.”

“Ningeiba, ningesema. Siibake.” Kisha akasema neno ambalo lilitugandisha. “Baba, ulisemaka jicho ikishindwa mutasoma. Basi musome. Miye njo naomba. Itakamata mwenye aliiba, na muntu yote atajua haiko miye.”

Mama alijitupa chini kwenye sakafu. Akamshika kaka miguu, akamwambia wewe ni mtoto wa misa, mambo ya kisomo yanakuhusu nini. Nami nikamvuta pembeni, nikamwambia habari ya mbu, ya homa, ya mafua. Nikamwambia dua la kuku halimpati mwewe, na aliyeiba ni mwewe, yuko mbali anajenga nyumba kwa vitenge vyetu.

“Mudogo,” aliniambia, “kule kwa bantu ba Pweto bamesikia. Muchumba yangu hanisalimie tena. Unataka niikale vile? Kama Mungu iko moja, atasikia hata kwa Kiarabu.”

Nikauachia mkono wake.

Mwalimu alikuja na wenzake, watu wa heshima, wakasoma adhuhuri sebuleni, kioo kimefunikwa. Walikula wali, wakaenda zao. Kaka alisimama mlangoni pale pale tangu mwanzo hadi mwisho, kichwa juu, kama mtu anayengoja kuitwa jina kupewa zawadi. Nilimwona anasema amina. Baba pia alimwona, na nafikiri kwa muda mfupi baba aliyumba. Siku chache zile alimwita mwanangu tena. Nikaanza kuwa na tumaini, na ninalionea aibu tumaini lile.

Mvua zikaanza. Kaka akapata homa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuugua homa ile ile, na mama vilevile, lakini sisi tuliugua kabla ya kisomo. Ya kwake ilikuja baada ya kisomo. Baba alileta kwinini, alimnunulia machungwa, alifanya kila alichotakiwa kufanya kwa mgonjwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea jibu. Majirani walikuja kutoa pole, wakamtazama kwa makini miguu kama imevimba. Watu wa Pweto wakamrudisha binti yao ziwani. Kaka alipopata nguvu za kusimama, alikunja nguo zake akaenda Kasungami, kwa ndugu wa marehemu baba yake waliolima mahindi huko. Baba hakumfukuza. Hakumzuia pia.

Kamera ilibaki. Baba alimwajiri mtu wa kuuza, na baada ya muda, kwa kuwa biashara ilikuwa mbaya, duka likaanza tena kuachwa wazi wakati wa sala. Mama hakutaka kuangalia kioo, basi kikawa kinawaka peke yake. Mimi nilikuwa nikitoka kazini natazama ile depo ya kijivu isiyo na mtu, halafu nageuza uso.

Vitenge vikapotea tena.

Nitasema ukweli: nilipokuta baba ameketi juu ya kiti cha depo, mikono kichwani, nilitaka kucheza. Mwizi ametuibia tena! Kaka yuko Kasungami, tulisikia anashindwa hata kutembea hadi barabarani, na vitenge vimeondoka. Kuibiwa kule kwangu kulikuwa sikukuu.

“Baba, umeona? Haikukuwa yeye. Tumurudishe.”

Baba aliinua macho. Alikuwa amezeeka sana mwaka ule.

“Wa kwanza alienda, wa pili amekuya,” alisema. “Huyu mupya naye nitamufukuza. Wezi banafwatana, mwanangu. Lakini wa kwanza Mungu alikwisha tuonyesha.”

Sikubishana tena. Nilichukua baiskeli ya jirani, sikungoja hata kubadili nguo za ofisini, nikaenda Kasungami kupitia matope, sketi imechafuka hadi kiunoni. Njiani nilikuwa nasema peke yangu maneno nitakayomwambia. Yeye hakuhitaji baba aamini. Alihitaji kujua kwamba kisomo hakikumpata, kwamba homa ni homa. Akilijua hilo angekula, angekwenda hospitali, angepona. Niliamini hivyo.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka ndani ya nyumba ya udongo, na sikumtambua mara moja. Mbavu zilikuwa zinaonekana, macho ya njano. Mke wa ami yake aliniambia amekataa kupelekwa hospitali. Anasema ugonjwa wake si wa hospitali. Nikapiga magoti, nikamshika mkono.

“Yaya, kaka yangu, sikia. Baliiba tena. Bikwembe bya depo bilipotea tena, juzi, na weye uko huku. Unasikia? Haikukuwa weye!”

Alinisikiliza kwa makini. Alitabasamu hata, kwa heshima, kama mtu anayepokea salamu za mbali.

“Ile ya sasa haiko miye,” alisema. “Minaelewa. Namushukuru Mungu. Lakini ile ya kwanza?”

“Ile ya kwanza pia haiko weye!”

“Mudogo, mi niliomba basome. Miye mwenyewe. Balisoma, na muntu moja tu aligonjwa.” Alipumzika. “Nilikuwa nasema siibake, siibake. Labda kichwa ilisahau. Padri alikuya hapa kuniungamisha. Nilisema, Padri, niliiba. Aliniuliza, uliiba nini? Nikakosa ya kutaja. Akasema nifikiri, atarudia huku. Nafikiri kila siku. Siione kitu. Nitaungama nini?”

Nilimwambia yote niliyoyajua. Mbu, duka lililokuwa wazi, kebo fupi, kitambaa juu ya kioo. Nilimwambia nampenda, neno ambalo kwetu hatuambiani kaka na dada. Nilimpigia kelele, halafu nikamwomba. Alingoja nimalize. Alikuwa na uvumilivu wa mtu asiye na njia nyingine.

“Weye unajua bikwembe byote byenye bilipotea,” alisema. “Unikumbushe. Padri atarudia kesho.”

Kulikuwa kunaanza kunyesha. Mke wa ami yake aliingia akaweka ndoo chini ya bati lililovuja, akatoka. Nilimtazama kaka yangu, nikaona kwamba hakuna kitu duniani nilichoweza kumpa isipokuwa hicho alichokiomba.

Basi nikamwambia. Cha kijani chenye samaki. Kile cha manjano chenye funguo. Cha bluu, chenye ndege wawili wanaotazamana. Kile chekundu cha chama.

Alifunga macho, akavirudia kimoja kimoja, polepole, asije akasahau. Kwenye kile chenye ndege alikwama, nikamsaidia.